Roma, Firenze na vilima vya Toscana: tukodi gari au tupande treni?

Swali: Sisi ni watu watano kutoka Mombasa: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 5 na 11, na mamamkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mwezi wa tisa tunakwenda Italia. Tutakaa siku tatu Roma, tatu Firenze, na tatu kwenye nyumba ya shambani karibu na Pienza, kisha tutarudi kupandia ndege Roma. Mume wangu anataka tukodi gari pale pale uwanja wa ndege siku ya kwanza, tulirudishe siku ya mwisho. Anasema kwa watoto, masanduku na mama yake, treni itakuwa mateso. Mimi naogopa gharama, tena naogopa barabara za ugenini. Nani kati yetu ana haki?

Jibu: Dada, mume wako ana haki kwa siku tatu za mwisho, nawe una haki kwa zile sita za mwanzo. Ikateni safari vipande vitatu, kisha kila kipande mkiulize jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau wanapolinganisha bei: gari litalala wapi? Italia, mahali pa kuliweka gari lisilotumika panaweza kuwagharimu kuliko petroli ya gari linalotembea.

Tuanze na Roma. Mtashuka Fiumicino mkiwa mmekesha ndani ya ndege. Mume wako atakaa kwenye usukani ulio upande wa kushoto, aendeshe upande wa kulia wa barabara, aingie kwenye ile barabara kubwa inayouzunguka mji wanayoiita GRA, na huku nyuma mtoto analia na mama anauliza mbona hatufiki. Hata angekuwa dereva wa malori ya Malaba nisingemshauri. Na akishafika salama, gari litafanya nini siku tatu hizo? Colosseum, Pantheon na chemchemi ya Trevi ziko katikati ya mji, ambako gari la mgeni haliruhusiwi kuingia ovyo. Mtalipia gereji, kisha mtalipia teksi na metro, yaani treni ya chini ya ardhi, vilevile.

Kutoka uwanjani kuna treni ya moja kwa moja, Leonardo Express, dakika 32 hadi stesheni ya Termini, euro 14 kwa mtu mzima. Kwa vijana wawili wenye mabegi ya mgongoni ningesema pandeni hiyo. Kwa nyinyi sipendekezi, kwa sababu Termini si mlangoni kwenu: bado mna masanduku, na bado mna mama. Teksi za mjini zina bei maalum iliyopangwa na manispaa kutoka Fiumicino hadi ndani ya kuta za kale, euro 55 hivi kwa gari zima, lakini teksi ya kawaida hubeba wanne. Mwombeni mwenye hoteli awapangie gari la watu saba au wanane na bei mkubaliane kabla. Hapo si mahali pa kubania senti.

Mkiwa ndani ya mji, tiketi ya euro 1.50 hudumu dakika 100 kwenye basi na tramu, pamoja na safari moja ya metro. Watoto walio chini ya miaka 10 hawalipi wakiwa na mtu mzima, kwa hiyo mdogo atapanda bure na mkubwa atalipa. Mamamkwe muwekeeni bajeti ya teksi. Metro ya Roma ina ngazi nyingi, na lifti zake si za kutegemea.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza wageni wengi kuliko jingine lolote: ZTL. Hizo ni herufi za eneo ambalo magari yameruhusiwa kwa masharti tu, na karibu kila mji wa kale wa Italia unalo, Roma, Firenze, Siena, Pisa, hadi vimiji vidogo vya mlimani. Hakuna kizuizi, hakuna askari, hakuna mtu wa kukupigia filimbi. Kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, pengine na kibao cha taa, na juu yake kamera inayosoma namba ya gari. Kibao kikisema varco attivo, msipite, maana yake ulinzi unafanya kazi wakati huo. Kikisema varco non attivo, njia iko wazi. Wageni wengi hulielewa kinyume.

Kila unapopita chini ya kamera unaweza kujiongezea kosa. Dereva aliyeingia kwa bahati mbaya, akatoka, akapotea tena na kuingia kwa mtaa wa pili, anaweza kupata faini zaidi ya moja, na faini moja pamoja na gharama za kuituma mara nyingi hupita euro 100. Kampuni ya gari nayo hukata makumi ya euro kwenye kadi yako kwa kazi ya kuwapa manispaa jina lako tu. Faini yenyewe huja baadaye: sheria inawapa hadi siku 360 kuituma kwa mtu anayeishi nje ya nchi. Mtakuwa mmeshasahau mliingia mtaa gani. Ikifika, mkilipa ndani ya siku tano kuna punguzo la asilimia 30. Hoteli iliyo ndani ya ZTL inaweza kuisajili namba ya gari lako ili upite, lakini waulizeni kabla ya safari, mpate jibu la maandishi, na mjue ruhusa inaanza saa ngapi na inaisha lini.

Kipande cha pili, Roma hadi Firenze, sina shaka nacho hata kidogo. Ni treni. Najua mkisikia treni mnafikiria Madaraka Express: utoke mjini uende mpaka Miritini, mizigo inuswe na mbwa, ufike saa nzima kabla, halafu ushukie Syokimau ukaanze safari nyingine ya kuingia Nairobi. Huko Italia stesheni ziko katikati ya mji. Mtapandia Termini na kushukia Santa Maria Novella, ambapo kanisa kuu la Firenze liko mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Treni za kasi, Frecciarossa za Trenitalia na zile za kampuni binafsi ya Italo, huchukua kama saa moja na nusu, na kwenye njia hii hufika kilomita 250 kwa saa. Kwa gari barabara hiyohiyo ni takriban saa tatu bila foleni, na tozo ya barabara karibu euro 20.

Bei ya treni za kasi hupanda kama ya ndege. Ukinunua mapema unaweza kupata kwa euro 20 na kitu kila mtu. Ukingoja siku yenyewe inaweza kupita 50. Trenitalia wana ofa iitwayo Bimbi Gratis: kundi la watu wawili hadi watano lenye angalau mtu mzima mmoja na mtoto mmoja aliye chini ya miaka 15, watoto husafiri bure na wakubwa hulipa bei ya kawaida. Nyinyi mnaingia humo bila kubanana. Lakini pigeni hesabu, kwa sababu hiyo bei ya kawaida ndiyo ile ya juu, na pengine tiketi tano za bei ya mapema zitakuwa nafuu kuliko tatu kamili. Linganisheni na Italo pia.

Masanduku hayapimwi uzito, ila rafu za kwenye mabehewa si kubwa. Sanduku la saizi ya kati kwa kila mtu mzima linatosha, la watoto lichanganyeni. Chagueni viti vinne vinavyotazamana na meza katikati, na cha tano ng'ambo ya njia. Namba ya jukwaa, binario, hutokea kwenye ubao muda mfupi kabla ya treni kuondoka, na hapo ndipo watu huanza kukimbia. Mtu mmoja asimame chini ya ubao, wengine wakae na mizigo, na mkono usitoke kwenye mkoba, kwani Termini ina wezi wa mifukoni wenye vidole vyepesi.

Kuhusu mama, habari ni njema kuliko mnavyodhani. Stesheni kubwa zina huduma ya bure iitwayo Sala Blu kwa wenye shida ya kutembea. Mnaiomba kwa simu au mtandaoni, na mimi husema siku mbili kabla ili kuwa salama. Mhudumu huja na kiti cha magurudumu, humpeleka hadi mlangoni mwa behewa, na ngazi ikiwa ndefu humpandisha kwa mashine maalum. Mwisho wa safari anapokewa vivyo hivyo. Ndani ya gari mama angekaa saa tatu goti limekunjwa. Ndani ya treni atainuka, atanyoosha mguu, ataenda msalani bila kumwomba mtu asimamishe.

Mkiwa Firenze, gari bado halina kazi. Pisa ni saa moja kwa treni za kawaida za mkoa, na bei yake haibadiliki hata mkinunua dakika kumi kabla. Tiketi ya karatasi ya treni hizo lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyo stesheni kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi habari ya ugeni. Siena nawashauri mwende kwa basi la haraka, siyo treni. Basi huchukua kama saa moja na robo na hushusha watu karibu na mji wa kale, ilhali stesheni ya treni iko chini ya kilima.

Kipande cha tatu ndicho ambacho mume wako atashinda kesi. Pienza na mabonde ya Val d'Orcia hayana reli ya kuwafaa. Mabasi yapo, lakini yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi: asubuhi mapema na mchana, kisha imetoka. Jumapili karibu hakuna. Nyumba ya shambani mara nyingi iko kilomita kadhaa nje ya mji kwenye njia ya changarawe, na teksi ya kijijini lazima uiite siku moja kabla. Huko bila gari mtakuwa wafungwa wenye mandhari nzuri.

Gari lichukueni uwanja wa ndege wa Firenze, asubuhi mnapouaga mji, badala ya ofisi za katikati. Tramu ya T2 inatoka karibu na stesheni hadi uwanjani kwa dakika 20 hivi. Baba atangulie peke yake kwa tramu akalichukue, nyinyi mkamkute huko kwa teksi, au nyote mwende kwa teksi mbili. Msikubali aje kuwachukua hotelini, mtakuwa mmejitumbukiza kwenye ZTL kwa hiari. Kutoka uwanjani anashika barabara kubwa ya Siena ambayo haina tozo, kisha ile ya Cassia kwenda San Quirico na Pienza. Kiasi cha saa mbili, mwendo wa kuongea.

Lakini kabla ya hapo kuna mambo ya kaunta, na kaunta ndiko safari za watu wetu hukwama. Leseni ya Kenya peke yake haitoshi Italia. Inahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kinachotolewa na AA Kenya, na mnakichukua kabla ya kuondoka, huko hamtakipata. Pili, kadi. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo, ya plastiki, yenye jina la dereva lililoandikwa juu yake. Ile kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay itawasaidia kununulia tiketi za treni, ila pale kaunta haina cha kushikwa mkononi. Kwenye kadi ya mkopo watazuia amana ambayo inaweza kupita euro 1,000, kwa hiyo kiwango cha kadi kiwe na nafasi. Kadi ya debiti baadhi hukubali, kwa sharti ununue bima yao kamili.

Tatu, gia. Magari mengi ya kukodi Ulaya ni ya gia za mkono, na yetu huku, yale yatokayo Japani, mengi ni otomatiki. Dereva ambaye hajakanyaga klachi miaka kumi, sasa anabadili gia kwa mkono wa kulia, kwenye mlima, upande usio wake: hapana. Lipieni otomatiki hata ikiwa ghali, na muihifadhi mapema kwa sababu ni chache. Saizi pia msidanganywe na picha. Gari la "watu watano" linabeba watu watano na masanduku mawili. Tafuteni la viti saba, viti vya nyuma vikunjwe viwe buti. Sheria inataka kiti cha mtoto au kiinuzi kwa kila mtoto aliye chini ya sentimita 150, bila kujali umri, kwa hiyo mpimeni huyo wa miaka 11 ukutani kabla ya kuagiza kiti kimoja.

Bima ya msingi kwa kawaida huja na kiwango ambacho mwenye kukodi hubeba mwenyewe gari likigongwa, na huweza kufika euro 1,000 hadi 2,000. Kwa dereva anayeendesha kulia kwa mara ya kwanza, kwenye vijiji ambavyo kuta zinakaribia kugusa vioo vya pembeni, mimi ningelipia kukiondoa. Someni kama matairi, vioo na chini ya gari vimo, kwa sababu mara nyingi havimo, na ndivyo vinavyoumia kwenye njia za changarawe. (Mume wako ataiona changarawe ya Toscana ni lami, akilinganisha na anazozijua. Apunguze mwendo hivyo hivyo.) Kabla ya kuondoka apige video gari zima, pamoja na rimu na paa.

Barabarani, upande wa kulia huzoeleka haraka kuliko mnavyoogopa. Hatari haipo kwenye foleni, kwa sababu hapo unafuata wenzako. Hatari ni asubuhi, ukitoka kituo cha mafuta au shambani kwenye barabara tupu, mkono unajivutia kushoto wenyewe. Wewe uliye kiti cha mbele, kazi yako ni kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani upya, hata akikasirika. Kwenye raundabauti magari yanazunguka kinyume na kwetu, na unampisha aliye kushoto. Na kijiti cha indiketa kiko kushoto mwa usukani, pale ambapo magari ya Japani yana waipa. Siku ya kwanza atafuta kioo kikavu kila akitaka kukata kona. Watoto watacheka, waacheni.

Nje ya miji taa huwashwa hata mchana. Mwendo ni 130 kwenye barabara kuu za tozo, 110 mvua ikinyesha, 90 kwenye barabara za kawaida za nje ya mji, 50 mijini, na kwenye barabara kuu kuna kamera zinazopima wastani wa mwendo kati ya sehemu mbili, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii. Kwenye tozo chukua tiketi unapoingia, lipa unapotoka, na uiepuke njia ya manjano ya Telepass. Gasolio ni dizeli; petroli ni benzina. Pampu ya servito, yenye mhudumu, ni ghali kidogo kuliko ya kujijazia. Maegesho: mistari myeupe ni bure, ya buluu ni ya kulipia, ya manjano si yenu. Mkiona ukuta wa mji wa kale, egesheni nje yake. Pienza kwa bahati ni tambarare na mama ataifurahia. Montepulciano ni mlima mtupu, lakini kuna basi dogo la kupandisha watu kutoka chini.

Siku ya mwisho msirudi Firenze. Chukueni gari kwa mkataba wa kulirudisha Fiumicino: mnashika barabara kuu ya A1 pale Chiusi, mnaingia GRA bila kugusa Roma ya ndani, mnatoka kwenye njia ya uwanja wa ndege. Ni saa mbili na nusu hadi tatu. Kurudisha mji mwingine huwa na ada, iangalieni kwenye bei ya jumla kabla ya kulipa, lakini inaokoa tiketi tano za treni na kumpandisha na kumshusha mama mara mbili. Jazeni tanki kabla ya kuikaribia Fiumicino na mfike muda wa saa nne kabla ya ndege kuondoka.

Nikiwa sijasahau: mtu akiwaambia kwamba Ulaya gari ni lazima, mwulizeni Ulaya ipi. Venice gari linaishia Piazzale Roma na mengine ni maji. Uswisi na Uholanzi treni zinatosha. Ireland na nyanda za juu za Uskoti ningekodi gari tangu siku ya kwanza, na huko wanaendesha kushoto kama sisi.

Kuhusu mpangilio wa malipo, viza kwanza. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ikikataliwa, kwa hiyo msiongeze hasara juu yake. Gari la Toscana lihifadhini mapema kwa bei inayoruhusu kufuta bila gharama. Tiketi za treni za bei ya chini kabisa hazirudishwi, basi zingojeeni viza. Halafu wiki moja kabla ya safari, angalieni kama kuna mgomo, wanauita sciopero. Hutangazwa mapema na mara nyingi huangukia Ijumaa. Siku za kazi, treni za mkoa zinalazimika kutembea saa kumi na mbili hadi saa tatu, asubuhi na jioni, hata wakigoma. Siku yenu ya Pisa ikiangukia hapo, ihamisheni.